Tuliachana kwa Amani

Tulikubaliana kuachana tukiwa tunamenya ndizi. Ilikuwa Jumamosi, mvua inanyesha kama inavyonyesha Tukuyu, bila haraka na bila dalili ya kukoma, na mume wangu alikuwa amepanda kutoka kijijini kwao Masukulu na mkungu mzima. Tulikaa jikoni, kila mmoja na kisu chake, mikono tumeipaka mafuta ili utomvu usigande. Watoto wetu watatu walikuwa chumba cha mbele. Mume wangu akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, wewe bado unaiona ndoa hapa?"

Nilifikiri kwanza. "Siioni."

"Hata mimi."

Akatia kwenye sufuria ndizi aliyokuwa ameimenya, akachukua nyingine. Hakuna aliyelia. Nakumbuka niliinama kuchochea kuni, moshi ukaniingia machoni, nikafurahi kwamba kulikuwa na moshi.

Mimi si mtu wa Rungwe. Nilizaliwa Singida, kwenye nchi ya uwele na vumbi, na serikali ndiyo iliyonileta Tukuyu kufundisha shule ya msingi, nikiwa msichana ambaye hajawahi kuwa na koti. Yeye alikuwa mwenyeji, mtoto wa Masukulu, na kazi yake ilikuwa kiwandani, kwenye mitambo ya kukaushia chai. Nguo zake zilinukia chai hata zikifuliwa. Alikuwa mtu wa maneno machache na kicheko kirefu, na kwa kweli nilikipenda kicheko kabla sijampenda mwenyewe. Baba yake alitoa ng'ombe wa mahari kama desturi yao inavyotaka, ingawa walikwenda Singida kwa njia ya pesa, maana hakuna awezaye kuswaga ng'ombe kutoka Rungwe mpaka kwetu. Tulifunga ndoa kanisani. Tukapanga nyumba mtaa wa Bulyaga, pale pale Tukuyu, tukapata mtoto wa kiume, halafu wa kike, halafu wa kiume tena.

Miaka ya mwanzo tulipanga foleni ya sukari na ya sabuni kama watu wote, na sikumbuki kwamba tulikuwa na huzuni. Kisha ikaja ruksa. Maduka yaliyokuwa na viberiti na chumvi tu yakajaa vitenge, redio, mitumba, na mafuta ya kujipaka ya kila rangi. Watu wakasema nchi imefunguka. Kiwandani nako wakaambiwa kwamba mali ya umma inatafutiwa mwenyewe, na kabla mwenyewe hajapatikana lazima watu wapungue. Neno lilikuwa hilo, kupunguzwa, kana kwamba mtu ni chumvi iliyozidi kwenye mboga. Mume wangu alipunguzwa katika kundi la kwanza.

Nilingoja akasirike, hakukasirika. Kwa miezi kadhaa aliendelea kuamka saa ya zamu yake, akavaa, akakaa kwenye kiti karibu na mlango. Mwishowe akasema anarudi Masukulu kulima shamba la baba yake, nami nibaki Bulyaga kwa ajili ya kazi yangu na shule ya watoto. Alikuja kila wiki. Lakini alikuja na ndizi zake, na mezani alikula hizo ndizi. Nyama niliyonunua kwa mshahara wangu aliwasogezea watoto. Hakuwahi kusema kwa nini. Nikimwekea kipande, alikishukuru, kisha akakigawa kwenye sahani zao. Niliishi hivyo, mwenyeji wa mume wangu mwenyewe. Namkaribisha kiti, namuuliza habari za mvua na maharage, naye ananiuliza habari za watoto, na baada ya hapo tunanyamaza mpaka mmoja aseme amechoka. Hapakuwa na mwanamke mwingine. Hapakuwa na pombe. Hakuwahi kuninyanyulia mkono. Angeninyanyulia, ningejua pa kuanzia kueleza.

Tungeweza kukaa tu hivyo, kama wengi wanavyokaa. Lakini baba yake alikuwa anamsukuma aoe mwanamke wa kuishi naye shambani, naye, kwa jinsi alivyolelewa kanisani, hakutaka kuwa na wake wawili. "Sitaki uzeeke ukiwa mke wa jina tu," aliniambia siku ile ya ndizi. "Na mimi sitaki kuwa mume wa kuleta mkungu." Wote tulikuwa tumeona yaliyompata mwalimu mwenzangu mmoja, ambaye kesi yake na mumewe ilikwenda Mbeya kwa mawakili, mpaka nyumba ikauzwa na watoto wakazoea kutukanana kwa niaba ya wazazi wao. Sisi tukasema hatutaki wakili, hatutaki kelele, na watoto wasisikie neno baya kutoka kwa yeyote. Watakaa kwangu wote watatu, wasitenganishwe. Likizo watashuka Masukulu. Yeye ataleta chakula, mimi nitashughulika na shule. Tulimaliza yote kabla ndizi hazijaiva. Kama kuna watu waliowahi kupanga talaka vizuri kuliko sisi, sijawasikia.

Tulianza kwa wazee wa kanisa, wakatuombea na kuturudisha nyumbani. Tukaenda baraza la kata, maana mahakama haipokei shauri la talaka kabla baraza halijajaribu kuwapatanisha watu. Siku hiyo pia mvua ilinyesha, na tuliingia chini ya mwavuli mmoja. Nadhani hilo lilituharibia tangu mlangoni.

Mwenyekiti alikuwa mzee mstaafu, kofia ya sufu kaishusha mpaka masikioni. Aliniuliza mimi kwanza.

"Mwalimu, mumeo anakupiga?"

"Hapana."

"Analewa?"

"Hapana, mzee."

"Ana mwanamke?"

"Hana."

"Chakula haleti?"

"Ameleta jana."

Wajumbe wakatazamana. Mwenyekiti akamgeukia mume wangu. "Na wewe, mkeo ana kosa gani?"

"Hana kosa, mwenyekiti."

"Sasa mmekuja kushtaki nini?"

Mume wangu alitazama mikono yake. "Tumekuja kusema imekwisha," akasema.

Mjumbe mmoja, mama mnene aliyekuwa akiuza vitunguu sokoni, akacheka, wala si kwa ubaya. "Wanawake wanakuja hapa na meno yao mkononi," akasema, "tunawaambia wavumilie. Ninyi mmekuja mmeshikiana mwavuli. Nendeni mkalale."

Wenzake nao wakacheka. Mwenyekiti akasema turudi tukiwa na sababu.

Njiani, karibu na stendi, mume wangu akasimama. "Tukirudi nitawaambia nina mwanamke Kasumulu, mpakani," akasema.

"Huna mwanamke Kasumulu."

"Watajuaje?"

"Hawatajua, ndiyo maana watasema. Watoto watayasikia shuleni."

Alitembea mpaka tulipofika njia ya nyumbani. "Basi," akasema.

Aliyetusaidia alikuwa karani wa mahakama ya mwanzo, kijana aliyezungumza polepole kama anayeogopa kuudhi. Alituambia kwamba watu wasio na ugomvi wana njia yao: wakae mbalimbali kwa hiari, kila mmoja kwake, kwa miaka mitatu, wasirudiane. Hapo hata baraza litaona hakuna cha kupatanisha, na hakimu naye anaweza kuona kwamba ndoa imevunjika. Haina gharama, alisema, ni ada ndogo ya kufungulia shauri na uvumilivu. Tukamshukuru. Uvumilivu tulikuwa nao.

Basi tukasubiri. Na katika miaka hiyo ya kusubiri tulielewana kuliko wakati wowote wa ndoa yetu. Alikuja mchana, akaondoka kabla ya jioni. Upepo ulipong'oa bati la jikoni, yeye ndiye aliyepanda kulipigilia, mimi nikamshikia ngazi. Alipougua malaria nilimpelekea dawa, nikakaa nje ya mlango wake na kumsikia akikohoa mpaka alipolala. Mara moja moja alicheka kile kicheko chake. Jirani zangu waliwaambia waume zao, mwangalieni yule, ameachana na mkewe na bado anamtazama kama mtu.

Watoto nao walitazama. Mdogo aliuliza kila alipomwona baba yake kama leo atalala. Mkubwa alielewa mapema, akanyamaza, akawa mtu wa mpira na wa kurudi nyumbani giza likiingia. Binti yetu, yule wa katikati, hakuuliza kitu. Yeye alifanya kazi. Wali ukipikwa siku ambayo baba yake hakuja, aliuweka pembeni kidogo, na kesho yake ukawa umechacha, akautupa mwenyewe bila kuambiwa. Wakishuka Masukulu, alificha kwenye mfuko wake chumvi, kiberiti, kipande cha sabuni. Aliporudi alitoa taarifa kama mkaguzi: baba anakula ndizi za kuchoma tu, baba hana blanketi la pili, baba anaota moto peke yake na redio haina betri. Alisema haya akinitazama usoni, kisha akangoja.

"Baba yako ni mtu mzima," nilimwambia. "Anajiweza."

"Ndiyo, mama," akasema. Lakini wiki iliyofuata aliondoka na betri.

Muda ulipotimia tulirudi barazani. Mwenyekiti alikuwa mwingine, na wakatuandikia kwamba wameshindwa kutupatanisha. Kutoka hapo mpaka siku ya hukumu haikuchukua muda mrefu. Mahakama ya mwanzo ilikuwa chumba kimoja chenye mabenchi, na kwa kuwa nje kulikuwa na baridi, watu wasio na kesi walikuja kukaa ndani. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mgeni kama mimi, kutoka kanda ya ziwa, na kila upande wake alikaa mzee wa baraza. Alitusikiliza wote wawili. Akauliza tulivyogawana vyombo, tukamweleza. Akauliza kama kuna anayedai kitu kwa mwenzake, tukasema hakuna. Akavua miwani.

"Mashauri kama haya nayapata kwa nadra," akasema. "Watu wazima wawili, hakuna tusi, hakuna machozi. Nawapongeza."

Tukasema ahsante. Tulipongezwa siku tulipooana na siku tulipoachana, na maneno hayakutofautiana sana.

Kisha akasema anataka kuwasikia watoto wawili wakubwa, kwa kuwa umri wao unawaruhusu kusema wanachotaka. Hatukuwa tumewaeleza chochote zaidi ya kwamba tutakwenda wote. Tulidhani hakuna cha kueleza. Mkubwa akaitwa, sauti yake ikiwa ndiyo kwanza inavunjika, akasema, "Kwa mama," akarudi kukaa. Akaitwa binti. Alivaa sweta la shule, nywele nilikuwa nimezinyoa siku moja kabla. Alikuwa mdogo kiasi kwamba mzee mmoja wa baraza alisogeza kiti ili amwone.

"Na wewe, mwanangu, ungependa kukaa wapi?"

"Nitakaa na baba."

Hakimu akatutazama, kisha akamtazama yeye. "Kwa nini?"

"Mama ana hawa wengine. Baba hana mtu."

Hata wale waliokuja kuota joto waligeuza shingo. Mume wangu akasimama. "Mheshimiwa hakimu, sisi tulikubaliana wote wakae na mama yao."

"Nimesoma," hakimu akasema. "Lakini mtoto amesema. Wewe hutaki akae nawe?"

Nimelifikiria swali hilo maisha yangu yote. Angejibu nini? Mtoto alikuwa amesimama pale, katikati yetu, mikono ameirudisha nyuma, akimtazama baba yake. Kuna baba gani atakayesema mbele ya binti yake, na mbele ya watu, kwamba hamtaki?

"Namtaka," akasema.

Hakimu akanigeukia. "Mama, unapinga?"

Nikipinga, ilikuwa imegeuka kesi. Ingeahirishwa, wangeitwa mashahidi, wangekwenda kuipima nyumba ya Masukulu na nyumba ya Bulyaga ipi inavuja zaidi, na mtoto yule angeulizwa tena na tena mpaka huruma yake ionekane kosa. Mambo yote tuliyoyakimbia yalikuwa yamesimama mlangoni. Nikasema sipingi. Binti yangu akanitazama. Nilidhani ananishukuru. Kalamu ya hakimu ikaandika.

Nje, mtalaka wangu alinunua soda, tukanywa wote watano tukiwa tumesimama kwenye baraza la duka, kama watu waliotoka ubatizoni. Alinishika mkono.

Siku chache baadaye nilishuka Masukulu kupeleka nguo zilizobaki za binti. Lazima nieleze jambo moja. Kwa mila ya Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawatazamani. Wakristo wengi walikuwa wamelegeza, lakini mzee yule hakulegeza, nami nilimheshimu. Kwa miaka yote ya ndoa yangu, nikisikia anakuja njiani nilijibanza migombani na kugeuza uso. Nilimfahamu kwa kikohozi na kwa mlio wa fimbo yake kwenye mawe. Siku hiyo nilisikia fimbo, nikaanza kupinda kuingia migombani kama nilivyozoea. Fimbo haikupita. Ilikuja mpaka nilipo ikasimama.

"Ugonile, mwalimu," akanisalimu kwa Kinyakyusa, na kunyoosha mkono.

Nikainua macho. Alikuwa na jicho moja lenye ukungu, na paji la uso la mwanangu mkubwa, lilelile, kama lililokatwa na kubandikwa. Nikaitika, "Ndaga," nikaupokea mkono wake. Ulikuwa mgumu na wa moto. Akapita zake. Nilibaki nimesimama na furushi la nguo za mtoto, kwa sababu mpaka hapo nilikuwa sijaachika. Hakimu aliandika, lakini mzee ndiye aliyeniacha.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama tulivyojiambia yatakwenda. Binti alisoma shule ya kulekule, na mwisho wa wiki alipanda Bulyaga kwa pikapu za kubeba ndizi, akalala na kaka yake na mdogo wake chumba kimoja kama zamani. Mvua zikiwa kubwa hakuja. Kisha michango ya shule ikaongezeka kwa watoto wote, shamba likawa halitoshi, na baba yake akaingia biashara ya ndizi. Walikuwa wanajaza malori, wanakwenda kuuza Dar es Salaam. Safari ya kwanza alikaa siku chache. Baadaye alikaa huko sokoni mwezi mzima, mizigo inamfuata. Binti aliyechagua kukaa na baba akawa anakaa na bibi.

Nilipogundua hivyo, nilikwenda. Mama mkwe wangu wa zamani alikuwa ameketi kwenye kizingiti anachambua maharage, miguu imemvimba. Binti alikuwa mtoni na ndoo.

"Mama, nimekuja kumchukua," nilisema. "Baba yake hayupo, na amri ya mahakama ni kwamba anakaa na baba yake."

Aliendelea kuchambua. Kiswahili chake kilikuwa cha Kinyakyusa. "Mwalimu, wewe unao wawili. Huyu mmoja ndiye mkono wangu, ndiye macho yangu. Ng'ombe siliondoka hapa kwenda kwenu, sikuona sikiludi. Sasa na huyu mmoja unamtaka?"

Haikuwa hasira. Alisema kama mtu anayeuliza bei.

Binti aliporudi, maji yakimchuruzika shingoni, nilimwambia afungashe. Akatua ndoo, akamtazama bibi yake, akanitazama. "Nikiondoka, bibi atabaki na nani?"

Baba yake alipokuja kutoka Dar nilimweleza. Alikaa kwenye kiti kilekile cha karibu na mlango. "Mchukue," akasema. "Mimi sina neno. Lakini sitamfukuza." Nikaenda mahakamani. Yule hakimu wa kwanza alikuwa amehamishwa, aliyekuwepo alikuwa kijana mwenye haraka. Akaniuliza kama mtoto anapigwa. Hapigwi. Ananyimwa chakula? Hanyimwi. Ameacha shule? Bado anakwenda. "Sasa mama, unataka nibadilishe amri kwa kosa gani?" akaniuliza. Nilitoka, kwa kuwa swali hilo nilikuwa nimeshaulizwa kule barazani na wanaomzidi umri.

Binti alimaliza darasa la saba, jina lake halikutoka kwenye waliochaguliwa. Wakati huo shule za kulipia zilikuwa zinaota kila kilima. Nikamtafutia nafasi katika mojawapo, nikashona sare, na muhula mmoja akakaa kwangu Bulyaga. Nilikuwa nikiamka mapema kumsikiliza akivaa. Alikuwa na adabu kupita kiasi. Alifagia kabla sijamwambia, aliomba ruhusa ya kuchukua sukari. Siku moja, akiwa anazungumza na mdogo wake ukumbini, nikamsikia akisema, "Muulize mwalimu." Alimaanisha mimi. Kule Masukulu wote waliniita hivyo, na sijui ni lini naye alianza.

Bibi yake akaugua, binti akashuka kumwangalia kwa wiki moja. Hakurudi tena shule. Nilimfuata mara nyingi kiasi kwamba wapiga debe wa stendi walinizoea. Bibi alikufa, tukamzika, nikasema sasa. Lakini kulikuwa na babu, mwenye jicho moja, ambaye hakujua hata chumvi inakaa wapi. Na baada ya babu kulikuwa na kijana wa jirani ambaye ng'ombe wake wa mahari walikuwa wameshaingia uani kabla mimi sijaambiwa. Nilialikwa harusini. Nilipewa kiti kizuri, upande wa wageni. Baba yake alikuja kutoka Dar, amekonda, shati jipya bado lina mikunjo ya dukani. Alikuja kusimama karibu na kiti changu.

"Nilitaka kuomba wasubiri," akasema kwa sauti ya chini. "Nilipofika mambo yalikuwa yamekwisha."

"Najua," nikasema. Nilijua kweli. Hakuwa mtu wa kuvunja shughuli ya watu.

Watoto wangu wa kiume walikwenda, mmoja Mbeya, mmoja Dar. Nilistaafu. Jambo ambalo watu wa Bulyaga huniuliza kwa adabu ni kwa nini sikuolewa tena, na kule Masukulu nadhani walimuuliza mwenzangu vivyo hivyo. Baba yake alikufa akiwa bado anamsukuma aoe. Hakuoa. Talaka tuliyoitafuta ili kila mmoja aanze upya, hakuna aliyeitumia.

Kiharusi kilimpata akiwa shambani, baada ya kuacha biashara ya Dar na kurudi Masukulu. Upande mmoja wa mwili ukafa, na maneno, ambayo hata zamani yalikuwa machache, yakaisha kabisa. Binti yetu alihamishia kitanda cha baba yake nyumbani kwake, kwenye chumba ambacho watoto wake walikuwa wakilala, na watoto akawatandikia jikoni. Mumewe alinung'unika kidogo akanyamaza. Nilikwenda kila nilipoweza, na sabuni, na shuka, na dawa za hospitali. Nilipofika binti aliniwekea kiti na kukipangusa.

Siku moja mvua ilitufungia ndani. Baba yake alikuwa amesinzia. Binti alikuwa anakuna nazi ya wageni, nazi ambayo kule ni kitu cha kununua, na mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Binti sasa alikuwa mwanamke mtu mzima, tayari ana mistari kando ya mdomo. Nikamuuliza jambo ambalo sikuwahi kumuuliza. Nilimwambia, "Siku ile mahakamani, ungeniambia kabla kwamba utamchagua baba yako, tungepanga vizuri zaidi."

Hakuacha kukuna. "Sikumchagua baba."

"Ulisema mwenyewe."

"Nilisema ili mkatae." Akapiga mbuzi ya kukunia kwa kiganja kudondosha nazi iliyonasa. "Nilikuwa nimesikia kwamba barazani mliwahi kufukuzwa kwa sababu hamkugombana vya kutosha au mligombana sana, sikujua ni kipi. Nikafikiri nikisema hivyo wewe utakataa, na baba atakataa, mtashindana pale mbele ya yule mama hakimu, naye atakasirika atufukuze wote turudi nyumbani. Wote watano." Akachukua upande wa pili wa nazi. "Nilikuangalia. Nilikuwa nangoja useme hapana."

Mvua ilikuwa inapiga bati kwa nguvu, nikapata kisingizio cha kutosikia. Lakini nilisikia. Nilitaka kumwambia habari za mawakili wa Mbeya, na nyumba iliyouzwa, na watoto waliotukanana. Alikuwa na watoto wanne wake mwenyewe na hakuhitaji kuambiwa hayo.

Kutoka chumbani baba yake alitoa ile sauti yake, si neno, sauti tu. Binti akaweka kibao cha mbuzi kando, akafuta mikono kwenye kanga, akaenda kumgeuza ubavu. Nilimsikia akimwambia kwa Kinyakyusa anyooshe mguu, na kitanda kikilia. Nilikaa pale nikimalizia kukuna nazi, kisha mvua ilipopungua nikatoka barabarani kutafuta pikipiki ya kunipandisha Tukuyu.